Mcheza Kwao na Majukwaa Matupu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea hata masikio yetu hayaisikii tena, na siku hizi hupenda kusemwa na watangazaji wa mpira kuliko na washairi. Lakini mzizi wake uko katika ngoma. Anayekwenda ukumbini kusikiliza taarabu hapa Unguja anayajua haya vyema: beti likimgusa mtu, huinuka kitini, akasogea jukwaani taratibu kwa mwendo wa kucheza, noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Katika kitendo hicho kimoja mna mambo mawili. Mna sifa, kwani ukumbi mzima unamwona aliyeguswa. Na mna fedha, kwani mwimbaji naye ana watoto wanaomngoja nyumbani. Mcheza ugenini hana hakika ya hata moja kati ya hayo.

Nimeirudia methali hii mara nyingi tangu mwaka 2020, ulimwengu ulipoifunga milango ya viwanja vya mpira kwa sababu ya maradhi ya korona, kisha ukaifungua kidogo kidogo, hapa zaidi, pale kasoro, na kwengine isifunguliwe kabisa. Mashindano yaliendelea kuwa yale yale: pointi tatu kwa mshindi, kombe moja kwa bingwa. Kilichotofautiana ni nani aliyetunzwa na nani aliyecheza mbele ya viti. Je, ilikuwa haki? Swali hili liliulizwa kwa ukali wakati ule, na lilijibiwa kwa hasira zaidi kuliko kwa fikira. Vumbi limeshatua, hapana ubaya kulirudia.

Inafaa kuanzia Uingereza, kwani huko kanuni ziliandikwa kwa urefu, takwimu za maradhi zilitangazwa kila siku, na tofauti za viwanja zilionekana wazi hata kwa mtu aliyekaa mbele ya televisheni Mkunazini. Ligi Kuu ya England ilisimamishwa mwezi wa Machi 2020, ikarudi tarehe 17 Juni bila ya mtazamaji hata mmoja. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na lawama ya upendeleo. Wote walicheza katika ukimya, makocha wakisikika wakifoka kama walimu wa skuli, na wenye televisheni wakichomeka kelele za kurikodiwa ili tusiogope. Ukimya ule ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa wa wote.

Lawama ilianza milango ilipofunguliwa. Tarehe 2 Disemba 2020 serikali iliigawa England katika ngazi tatu kwa kadiri ya ukali wa maradhi. Ngazi ya kwanza iliruhusiwa watazamaji 4,000, ya pili 2,000, na ya tatu hakuruhusiwa mtu. Na katika zile mbili za mwanzo idadi isizidi nusu ya nafasi za uwanja. Ligi Kuu ina timu 20. Kalamu ya serikali ilipopita juu ya ramani, timu 10 zilijikuta upande wa watu 2,000 na timu 10 upande wa viti vitupu. London yote, Brighton, Southampton na timu mbili za Liverpool zilipata watu. Manchester, Leeds, Newcastle, Sheffield, Leicester, Burnley na majirani watatu wa Birmingham, Wolverhampton na West Bromwich zilikosa. Ama ngazi ya kwanza, yenye ruhusa kubwa kuliko zote, na hili nalisema kwa ajili yetu sisi watu wa visiwani, iliangukia Cornwall, visiwa vya Scilly na kisiwa cha Wight peke yao, ambako hakuna hata timu moja ya madaraja manne ya juu. Waliopewa ukumbi mpana hawakuwa na mwimbaji.

Mtu wa Manchester alikuwa na sababu ya kununa. Mwezi wa Oktoba meya wao, Andy Burnham, alikuwa amevutana hadharani na serikali ya London juu ya fedha za kuwafidia watu ambao kazi zao zilifungwa, na mgawanyo wa Disemba ulionekana kwa wengi kuwa ni hadithi ile ile ya kusini kupewa na kaskazini kunyimwa. Lakini Liverpool nayo ni kaskazini. Mji huo ndio uliokuwa wa kwanza kutiwa katika masharti makali kabisa katikati ya Oktoba. Mwezi wa Novemba wakaazi wake walipanga foleni kupimwa, wenye dalili na wasio na dalili, askari wa jeshi wakisaidia kazi, na maambukizi yakashuka. Tarehe 6 Disemba watu 2,000 waliingia Anfield, uwanja unaochukua zaidi ya 50,000, wakaiona timu yao ikiifunga Wolverhampton mabao 4-0. Siwezi kusema kwamba watu hawa walipendelewa. Walipimwa, wakahesabiwa, hesabu ikatangazwa, mlango ukafunguliwa. Ukiiuliza kanuni ile kwa nini imemruhusu huyu na kumkatalia yule, ilikuwa na jibu la kukupa, na jibu lenyewe ungeliweza kulisoma gazetini.

Shida ni kwamba maradhi hufuata miji na mashindano hufuata jedwali, na jedwali halina safu ya kuandikia nani alikuwa na watu. Tarehe 16 Disemba London ilipandishwa ngazi ya tatu. Usiku huo huo Tottenham ya London ilikuwa Anfield, mbele ya watu 2,000 wa Liverpool, na Firmino akafunga kwa kichwa dakika ya 90. Tangu siku ile Tottenham haikuweza kuwaita watu wake nyumbani. Liverpool iliendelea kuwaita wa kwake hadi mwisho wa mwezi. Sisemi kwamba watu 2,000 ndio waliolipiga lile bao. Nasema kwamba aliyeshindwa kwa bao la dakika ya mwisho, mahali ambapo mwenzake alikuwa na sauti na yeye hatakuwa nayo zamu yake itakapofika, hawezi kulazimishwa kuamini kwamba mizani ilikuwa sawa.

Je, sauti ina uzito kweli? Msimu ule wa 2020/21 ulitupa jibu ambalo hakuna mtu angelithubutu kulitafuta kwa makusudi. Katika mechi 380 za Ligi Kuu ya England, wenyeji walishinda mara 144 na wageni mara 153. Katika historia ndefu ya daraja la juu la nchi ile, iliyoanza mwaka 1888, haijapata kutokea wageni kuwazidi wenyeji. Liverpool yenyewe, iliyokuwa imecheza mechi 68 za ligi nyumbani bila ya kufungwa, ilifungwa na Burnley tarehe 21 Januari 2021, kisha ikafungwa tena na tena, mechi sita za nyumbani mfululizo, katika uwanja ule ule uliokuwa ukiimba mwezi mmoja nyuma. Hapana shaka walikuwa na majeruhi wengi, na mwenye haki lazima alitaje hilo. Lakini hesabu ya ligi nzima haiwezi kuelezwa kwa goti la mlinzi mmoja. Wahenga hawakuwa na takwimu, na takwimu zilipokuja ziliwakuta wameshasema.

Hapo nimezungumzia nusu moja ya kutunzwa, yaani sifa. Nusu ya pili ni fedha, na juu ya hiyo wenye kelele nyingi hawakuwa wenye maumivu mengi. Klabu kubwa ya Ligi Kuu hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa televisheni. Viti vikiwa vitupu inaumia, lakini haifi. Klabu ya daraja la tano au la sita huishi kwa kiingilio, kwa chai na mikate ya nyama inayouzwa wakati wa mapumziko, na kwa bahati nasibu ya Jumamosi. Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo hata leo naliona la ajabu. Kuanzia mwisho wa Agosti 2020, timu za daraja la saba kwenda chini ziliruhusiwa kuingiza watazamaji kwa mamia, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za watu wa kawaida. Timu za daraja la tano na la sita zilitiwa katika kundi moja na Manchester United na Arsenal, ati ni za wachezaji wa ngazi ya juu, na kwa hiyo zikafungiwa milango. Ziliheshimiwa kwa jina, zikanyimwa riziki. Wakati huo huo kumbi za sinema zilikuwa wazi kwa masharti, watu wakikaa chini ya paa, ilhali uwanja ulio chini ya mbingu umefungwa. Serikali ilikuwa na hoja: ubaya wa uwanja haukuwa kitini tu bali katika treni, katika foleni ya lango, katika baa kabla na baada ya mchezo. Ni hoja ya maana. Lakini haimwelezi kitu shabiki wa mji mdogo anayekwenda uwanjani kwa miguu.

Halafu kuna ile idadi ya 2,000. Ilisemwa kwamba ni haki kwa sababu ni moja kwa wote. Uwanja wa Arsenal, unaochukua watu zaidi ya 60,000, ulipowapokea 2,000 tarehe 3 Disemba 2020 dhidi ya Rapid ya Vienna, watu wale walikuwa kama punje za mchele zilizosahauliwa sakafuni. Uwanja wa kuchukua 4,000 ukipokea 2,000 hao hao, umejaa nusu. Kwa yule mkubwa 2,000 ni ishara ya heri na hasara ya kufungua taa. Kwa yule mdogo ni mishahara ya wiki mbili. Idadi moja si kipimo kimoja, kama vile kibaba kimoja cha mchele si karamu moja kwa nyumba ya watu watatu na nyumba ya watu thelathini.

Katika Januari 2021, majukwaa yote yakiwa yamefungwa tena, klabu ndogo ya Marine, ya daraja la nane, ilipangiwa kuikabili Tottenham katika Kombe la FA. Uwanja wao uko Crosby, karibu na Liverpool, na bustani za nyumba za jirani zimepakana nao kiasi kwamba mtu angeweza kutazama kutoka kwake. Mechi ambayo ingewapa fedha za miaka ilichezwa tarehe 10 Januari bila ya kiingilio. Wakafanya nini? Wakauza tiketi za mechi ambayo mnunuzi hataingia. Watu zaidi ya 30,000 walizinunua, wengi wao mashabiki wa Tottenham, timu iliyokuja kuwafunga 5-0. Kwetu tungesema walimtunza mwimbaji kwa mkono wa mwenzao. Sijaona katika kipindi kizima kitendo kilichoielewa methali yetu kuliko hicho, na waliokitenda hawakuwahi kuisikia.

Wakuu wa Ligi Kuu nao walijifunza kitu. Serikali ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 17 Mei 2021 viwanja vitaruhusiwa kuchukua robo ya nafasi zao, watu wasizidi 10,000, ilibainika kwamba kwa ratiba iliyokuwepo baadhi ya timu zingepata mechi ya nyumbani baada ya siku hiyo na nyengine zisipate. Ratiba ikasogezwa, raundi mbili za mwisho zikawekwa nyuma ya tarehe ile, ili kila timu kati ya 20 iwe na mechi moja nyumbani mbele ya watu wake. Mashabiki wa wageni hawakuruhusiwa popote. Kwa wengi lilikuwa tangazo dogo la ratiba. Mimi naliona kuwa ndilo jibu bora lililotolewa, kwani liliiacha sheria ya afya isimame ilivyo, na likaitaka kalenda ya mpira ndiyo ipinde mgongo.

Uskoti walifanya kitu cha jamii hiyo miezi saba baadaye. Na hapa lazima nimkumbushe msomaji kwamba tunachokiita Uingereza kwa jumla ni dola yenye nchi nne, na afya ni jambo linaloamuliwa na kila nchi kwa upande wake. Sisi wa Zanzibar hatuhitaji kufafanuliwa sana: afya si jambo la Muungano, na tunajua jinsi safari ya saa mbili ya boti inavyoweza kumtoa mtu katika kanuni moja na kumtia katika nyengine. Basi aina mpya ya kirusi ilipoenea mwishoni mwa 2021, nchi hizo ziliamua mbali mbali. Kuanzia tarehe 26 Disemba, Uskoti iliweka kikomo cha watu 500 katika shughuli za nje. Wales ilifunga michezo mikubwa kwa watazamaji. England haikuweka kikomo. Ilitaka tu cheti cha chanjo au cha kupimwa kwa mikusanyiko mikubwa. Klabu za Uskoti, kuliko kucheza mbele ya watu 500, zilikubaliana kuileta mbele likizo yao ya baridi. Mechi ya Celtic na Rangers iliyokuwa ichezwe tarehe 2 Januari 2022 ikachezwa tarehe 2 Februari, majukwaa yakiwa yamejaa, na Celtic ikashinda 3-0. Mwezi mmoja wa subira uliondoa ugomvi wote.

Wales haikuwa na njia nyepesi kama hiyo, kwani klabu zake kubwa, Cardiff, Swansea, Newport na Wrexham, zinacheza katika ligi za England. Zilikuwa zikienda ugenini kuimbiwa na maelfu ya wenzao, zikirudi nyumbani kuimbiwa na upepo. Shabiki wa Swansea aliruhusiwa kukaa ndani ya baa na wenzake watano akaitazama timu yake katika televisheni, na hakuruhusiwa kukaa peke yake katika jukwaa la wazi umbali wa mtaa mmoja. Akitaka sana, alikuwa huru kupanda treni akavuka mpaka akaingia uwanja wa England uliojaa. Kanuni ilimhamisha tu mahali pa kupumulia.

Lakini mahali palipoyakusanya haya yote ni Chester. Mji wa Chester uko England, kwenye mpaka wa Wales, na klabu yake, ambayo tangu kuundwa upya mwaka 2010 inamilikiwa na mashabiki wenyewe, inacheza daraja la sita la England. Uwanja wao uliofunguliwa mwaka 1992 umejengwa juu ya mpaka. Lango kuu na ofisi ziko England. Nyasi zinazochezewa ziko Wales. Kwa miaka thelathini hilo lilikuwa jambo la mzaha, la kuulizana katika chemshabongo: ni uwanja gani ambao mtu hukata tiketi katika nchi moja na kufunga bao katika nchi nyengine? Kisha ikaja tarehe 26 Disemba 2021, na mzaha ukawa kesi.

Tarehe 28 Disemba na tarehe 2 Januari 2022 Chester ilicheza nyumbani, na kila mara watu zaidi ya 2,000 waliingia. Siku chache baadaye polisi wa Wales ya kaskazini na halmashauri ya Flintshire waliiita klabu na kuiambia kwamba inaonekana imevunja sheria za Wales. Klabu ilishangaa. Ilijibu kwamba yenyewe ni kampuni ya England, inacheza katika ligi ya England, ardhi yote ya uwanja, ya pande zote mbili, ni mali ya halmashauri ya upande wa England, na cheti cha usalama wa uwanja kinatolewa na mamlaka za England. Serikali ya Wales ikajibu kwa maneno machache: uwanja uko Wales, sheria ya Wales ndiyo inayotumika.

Nimejaribu kuwa hakimu wa kesi hii kichwani mwangu, na kila nikikaa upande mmoja naona haya kwa upande wa pili. Klabu inasema: wapinzani wetu wote katika ligi hii wanaingiza watu, sisi peke yetu tufungiwe kwa mstari uliochorwa na watu waliokufa zamani? Wanakijiji wa upande wa pili wanasema: timu za upande wetu hazina ruhusa ya kutazamwa na umati, hawa 2,000 wakae juu ya ardhi ile ile kwa sababu wamepitia lango la nchi nyengine? Kila mmoja anadai usawa, na kila mmoja anao. Ila wa kwanza anajilinganisha na aliye naye katika jedwali, na wa pili anajilinganisha na aliye naye katika ardhi. Sheria ya afya haiwezi kumridhisha wa kwanza bila ya kumdhulumu wa pili, kwa kuwa kirusi hakisomi jedwali. Kwa hiyo, kwa shingo upande, ningeihukumu klabu. Kisha ningewageukia wakuu wa ligi na kuwauliza kwa nini, wakiwa na mfano wa Mei 2021 mbele ya macho yao, waliwaacha watu wa Chester peke yao na mpaka wao. Kesi yenyewe haikufika mbali. Wales iliruhusu watu 500 kuanzia tarehe 15 Januari, na tarehe 21 ikaondoa kikomo.

Sasa nirudi kwetu, ambako kisa ni kichungu zaidi na sisi ndio tuliokuwa upande wa waliotunzwa.

Tanzania iliacha kutangaza takwimu za korona mwaka 2020, idadi ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509, vifo 21. Tangu hapo kimya, kwa zaidi ya mwaka. Ligi ilirudi Juni 2020, na watu wakarudi viwanjani. Hapa Unguja, Kombe la Mapinduzi la Januari 2021 lilichezwa Amaan mbele ya watazamaji, na Yanga ikaishinda Simba kwa penalti katika fainali ya tarehe 13. Hazikupita wiki tatu, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kikatangaza kwamba Maalim na mkewe wamepata maambukizi ya korona. Maalim alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, akazikwa Mtambwe. Siku sita baadaye, tarehe 23 Februari, Simba iliikaribisha Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa mbele ya umati, ikashinda kwa bao moja la Luis Miquissone. Nilishangilia. Sitaki kujifanya kwamba sikushangilia.

Mwezi wa Mei Simba ilikutana na Kaizer Chiefs ya Afrika ya Kusini katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 15 Mei, Johannesburg, katika uwanja unaochukua zaidi ya watu 90,000 na ambao siku ile haukuwa na mtazamaji, kwani nchi ile ilikuwa haijaruhusu mashabiki tangu Machi 2020. Kaizer Chiefs walishinda 4-0. (Wanaosema kwamba timu haiwezi kushinda bila ya watu wake waitazame upya mechi ile.) Kwa mechi ya marudiano, tarehe 22 Mei, Shirikisho la Mpira la Afrika liliiruhusu Simba kuingiza watu 10,000. Shirikisho lilikuwa likikubali au kukataa kwa kila mechi na kila nchi, kwa kufuata hali ya mahali. Na hali ya mahali ilipimwaje? Afrika ya Kusini ilikuwa imetangaza vifo zaidi ya 50,000. Tanzania, kwa karatasi, ilikuwa bado na 21.

Hapa ndipo ninapoona tofauti baina ya Anfield na Mkapa, na ndipo pia hoja ya Chester inapokuwa nyepesi kama unyoya. Watu wa Soweto walinyimwa kiti kwa sababu nchi yao iliwahesabu wafu wake. Sisi tulipewa kiti kwa sababu ya kwetu iliacha kuhesabu. Kama kuna dhulma katika kisa chote cha majukwaa ya korona, basi ni hiyo, na haikuwa ya timu ya wageni tu. Ilikuwa ya yule kijana aliyetoka Temeke na jezi yake nyekundu, akalipa kiingilio, akaamini kwamba aliyemfungulia mlango anajua kilichomo ndani. Yule wa Liverpool alifunguliwa mlango na hesabu. Huyu wetu alifunguliwa na ukimya. Tarehe 17 Mei, siku tano kabla ya mechi, kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilimkabidhi ripoti iliyopendekeza, pamoja na mengine, takwimu zitangazwe na chanjo ziletwe. Chanjo zilianza kutolewa mwisho wa Julai.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kukumbukwa. John Bocco alifunga mara mbili na Clatous Chama mara moja, na watu 10,000 wakawa kama 60,000. Lilikosekana bao moja la kusawazisha. Kaizer Chiefs walisonga mbele kwa mabao 4-3, wakafika hadi fainali ya Casablanca, ambako Al Ahly iliwafunga 3-0. Nyumbani kwao mashabiki hawakurudi uwanjani hadi tarehe 12 Oktoba 2021, walipoingizwa 2,000 waliochanjwa kuitazama timu ya taifa ikicheza na Ethiopia.

Usiku ule wa Mei, watu walitoka Mkapa kuelekea Mbagala, Kariakoo na Kigamboni, wamebanana ndani ya daladala, sauti zimewakauka kwa kuimba. Hakuna aliyejua kama aliyekaa naye ubavuni alikuwa mzima au mgonjwa, na katika nchi nzima haikuwepo takwimu iliyotangazwa ya kumwambia.